Tulivyopiga Windows Mpya kwa Mwalimu Osmund

Vijana wangu, salamu zenu nazipokea, ila tuelewane jambo moja. Nikiwa sokoni Mbinga nachagua nyanya, usinisogezee laptopu usoni na kuniuliza, "Mama Skola, inasema niapdeti, nibonyeze?" Mimi nimestaafu. Fundi kompyuta aliyestaafu naye ana haki ya kununua nyanya kwa amani. Kwa kuwa hamsikii, nimeamua kuandika, ili mkinikuta tena mnisalimie na kupita.

Kazi yangu wengi mnaijua. Nilizunguka na begi langu kwenye shule na ofisi za huku milimani na za kule ziwani, kutoka Mbinga mjini hadi Chiwanda, ambako ukipiga chafya wanakuitikia Msumbiji. Watu walisema, "Skola amekuja kupiga Windows," nami nikapiga. Nimepiga za zamani, nimepiga Saba, nimepiga Kumi, na nyingine nimezipiga nikajuta. Kwa hiyo nikiwaambia kubadilisha mfumo wa kompyuta ni jambo la kufikiria, msidhani ni woga wa bibi kizee. Ni makovu.

Jibu langu fupi ni hili. Usibonyeze kwanza. Jiulize mashine yako inakufanyia kazi gani ambayo ikikosekana kesho asubuhi utalia. Ukishaijua kazi hiyo, tafuta kujua kama mfumo mpya unaiweza. Kama hujui, funga laptopu ukapalilie kahawa.

Jibu refu ni habari ya Mwalimu Osmund. Ila kabla sijafika kwake lazima niwasimulie ya padre, maana nisipoisimulia sasa nitaisahau.

Shule moja ya milimani ilipata kompyuta, nami nikaziwekea zote mfumo mpya, kazi safi. Mwalimu mkuu wao akasema hazitumiki mpaka zibarikiwe. Hapo hakukuwa na ubishi. Sisi tunabariki nyumba, tunabariki pikipiki, tunabariki mashine ya kumenya kahawa, sasa kompyuta zimekosa nini? Padre akaja na maji ya baraka. Alikuwa mtu mkarimu sana, mkono wake haukujua kunyunyiza kidogo. Mashine zote zilikuwa zinawaka. Ya tatu kutoka dirishani ikatoa mlio, ikatoa moshi kidogo, ikazima. Mama mmoja wa kamati akapiga kigelegele, akasema pepo ametoka.

Wiki nzima baadaye nilipigiwa simu kwamba mfumo mpya wa Skola ni mbaya, umeua mashine, turudishiwe ule wa zamani. Hakuna aliyetaja maji. Nani angeyataja? Basi, mashine ikiharibika baada ya kubadilishwa mfumo, usiulaumu mfumo kabla hujauliza siku hiyo kulitokea nini kingine.

Au chukueni yule katibu muhtasi wa ofisi fulani hapa mjini. Mwezi wa saba, mnajua baridi yetu, aliifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaongeza shuka zito. Akanipigia: "Dada Skola, tangu uweke hii mpya inalia usiku na mchana, nadhani inasikia baridi." Ilikuwa feni inalia kwa joto. Nilipoifunua nilitamani kuiombea radhi.

Haya, Mwalimu Osmund.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi kule ufukweni, historia kwa Darasa la Saba. Presha ya macho ilimpofusha akiwa tayari amefundisha miaka mingi. Mwingine angeomba kustaafu. Yeye aliomba kompyuta. Nikampelekea laptopu kuukuu yenye mfumo wa Saba na programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Nikamwekea tone la gundi kavu juu ya vitufe anavyovitumia sana, ili vidole vijue viko wapi. Ndani ya muhula mmoja alikuwa anachapa kuliko mimi.

Tatizo lilikuwa sauti yenyewe. Ilikuwa ya mwanaume wa Kizungu, na ilisoma Kiswahili kama padre mgeni aliyeshuka kwenye gari jana. Watoto waliiita Mzungu wa Mwalimu. Wale wadogo wakiingia ofisini waliiamkia kabisa, "Shikamoo!", mpaka Mwalimu akaipanga kila ikiwashwa iseme "Marahaba". Ilisema marahaba kwa shida sana, lakini ilisema, na adabu ikabaki shuleni.

Sasa, kitabu kipya cha historia kilikuja baada ya macho yake kwenda, na kilikuja cha karatasi. Mzungu hawezi kusoma karatasi. Kwa hiyo kila jioni mke wake, Mama Batilda, alikaa barazani akamsomea, Mwalimu akasikiliza, akachapa maelezo yake ya somo, na kesho yake akaingia darasani na hedifoni sikioni. Mama Batilda ni Mngoni wa upande wa Songea, mrefu, mcheshi, msomaji hodari. Mwalimu ni Mmatengo kama mimi, aliyeshuka ziwani kwa ajira akanogewa na usipa, vile visamaki vyetu vidogo, hakurudi tena mlimani. Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka.

Kisha akaja mkaguzi. Haya nilisimuliwa na mwalimu mkuu mwenyewe, huku akijifuta jasho. Mkaguzi alisimama mbele ya Darasa la Saba akauliza, "Watoto, Wangoni walikuwa watu wa namna gani?"

Darasa zima, kwa wimbo: "Waaarefu! Waaazuri! Wenye heshima!"

Mkaguzi akashangaa. "Na Wamatengo?"

"Walikuwepo!"

Walikuwepo! Babu zangu wachimbao mashimo ya ngoro, yale ya kulimia, mlimani tangu enzi na enzi, wamekuwa watu waliokuwepo tu. Lakini tuendelee.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Na baada ya vita vya Majimaji, kulitokea nini?"

Wimbo ukaisha, watoto wakatazamana. Mwishowe msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Baada ya vita vya Majimaji," akasema, "kikaja kilimo cha mazao ya biashara."

Mkaguzi alipoondoka, mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Osmund. Akamwambia kwa upole, maana anamheshimu, kwamba somo lake lina matundu, na anadhani matundu yanatokana na kompyuta ile ya kale. Shule imepata skana, mashine inayopiga picha ukurasa wa kitabu, na kompyuta yenye mfumo mpya inaweza kuusoma ukurasa huo kwa sauti. Ile ya Saba ilikuwa imeshaikataa hiyo skana. Kwa hiyo shule ikifunguliwa Jumatatu, Mwalimu awe anajisomea kitabu mwenyewe, la sivyo Darasa la Saba apewe mwalimu mwingine.

Ndivyo nilivyoitwa. Nilifika Ijumaa na begi langu. Mama Batilda akanipokea kwa ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, sahani imejaa mpaka nikaona haya.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuogopa, lakini siku ile aliogopa. "Skola," aliniambia, "huyu Mzungu nimemzoea. Ananichelewesha, lakini najua ananichelewesha wapi. Nimesikia kuna watu wamebadilisha, mashine ikawa bubu kabisa. Ikiwa bubu hii, Jumatatu mimi ni mzee wa kukaa ofisini kusikiliza kengele."

"Na kitabu chenyewe unakionaje?" nikamuuliza.

"Kitabu ndivyo kilivyo! Mwandishi atakuwa Mngoni, tena mvivu. Anasifia watu weee, akifika kwenye matokeo ya vita anakimbia."

Mama Batilda alikuwa anapita na sufuria. Alipita haraka.

Mpingaji mkubwa alikuwa yeye. "Kompyuta inafanya kazi," akasema. "Kitu kinachofanya kazi unakigusa cha nini? Si wewe Skola unayewakataza watu kubonyeza?" Maneno yangu mwenyewe, yamerudishwa yakiwa yamekunjwa vizuri. Nikamwambia ndiyo, lakini hapa tunajua kazi tunayoitaka, na ya zamani haiiwezi. Hiyo ndiyo sababu halali ya kubadilisha. Nyingine zote, sijui inapendeza, sijui jirani anayo, ni za kupoteza bando. Asubuhi yake chai ilikuja bila sukari.

Sikilizeni hapa, maana ndipo penye ufundi. Mimi sikufuta chochote. Nilifungua mgongo wa laptopu, nikatoa diski yote ya zamani kama ilivyo, na Mzungu wake ndani, nikaitia kwenye soksi safi, nikampa Mwalimu aiweke mfukoni mwa koti lake. "Huyu hapa," nikamwambia. "Mambo yakiharibika tunamrudisha, na Jumatatu unaingia darasani kama kawaida." Mahali pake nikaweka diski nyingine, nikapiga Windows mpya juu ya hiyo. Diski ya pili ni bei ya kuku wachache. Ukifuta kazi za mtu, hakuna kuku wa kuzirudisha.

Jambo jingine, vitu vyote nilivyovihitaji nilikuwa nimevipakua Mbinga na kuvitia kwenye flashi. Kule mtandao unaupata ukisimama kwenye jiwe karibu na vichanja vya usipa, umenyoosha mkono, na mbwa wa watu wanakutazama. Huwezi kupakua mfumo juu ya jiwe.

Basi nikapiga, ikazima, ikawaka. Nikamvalisha Mwalimu hedifoni. Akasubiri. Mimi nikasubiri.

"Skola," akasema, "ni kimya."

Mkono wake ukaenda kwenye koti, ukaishika ile soksi. Mama Batilda akatokea mlangoni akiwa na furaha isiyofichika. "Poleni jamani! Basi bora tumrudishe Mzungu."

Kumbe ilikuwa programu ya sauti tu haijaingia. Nikaitoa kwenye flashi, nikaiweka, nikachomoa hedifoni ili wote tusikie. Ikatoka sauti ya msichana, Kiswahili kimenyooka, kila neno mahali pake. "Karibu," ikasema.

Mwalimu alicheka kama mtoto. Akachapa jina lake, ikalitaja. Akachapa jina la kijiji, ikalitaja. Akachapa majina ya ukoo wake wote wa Kimatengo, hata yale magumu, ikayumba kidogo lakini ikafika.

"Huyu ni nani?" akauliza Mama Batilda.

"Si mtu, mama. Ni programu. Hana hata mwili."

"Hana mwili? Ndiyo maana hachoki kusema." Akatoka nje kupembua usipa, na ungo ukawa unapiga kelele kuliko kazi yenyewe.

Mimi nikajisemea moyoni, haya, ni wivu. Mke kaletewa msichana wa mjini barazani kwake, unategemea nini? Nikaona ni jambo la kuchekesha, nikapanga kulisimulia Mbinga. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na sikuwa nimeelewa chochote.

Tukaunganisha skana. Nikafungua kitabu sura ya Majimaji, nikakilaza juu ya kioo cha skana hiyo, na yule msichana akaanza kusoma. Mwalimu aliinamisha kichwa, kama anavyofanya akiwa kanisani. Ikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Akaniinulia mkono nisimamishe.

"Skola, mbona huyu haongezi?"

"Haongezi nini, Mwalimu?"

"Urefu. Wangoni hawajawa warefu hata mara moja."

Nikatazama kitabu. Kweli, urefu haukuwemo. Uzuri haukuwemo. Heshima ndiyo usiseme. Nikageuza ukurasa, nikaulaza, sauti ikaendelea. Ikasoma jinsi vita vilivyoshindwa. Ikasoma jinsi viongozi wa Wangoni walivyokamatwa na kunyongwa Songea. Ikasoma njaa iliyofuata, mashamba yaliyochomwa, vijiji vilivyobaki vitupu. Ilisoma kwa sauti ileile iliyotumia kutuambia karibu.

Nje, ungo ulikuwa umenyamaza.

"Mama Batilda," akaita Mwalimu. "Kurasa hizi sizijui."

Alikuja akasimama mlangoni, mikono ina magamba ya usipa. "Najua huzijui," akasema.

Mimi nilitamani ardhi inifiche. Nikaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Baba Batilda, babu wa bibi yangu alikuwa mmoja wa wale walionyongwa," akasema. "Bibi alitusimulia sote tukiwa wadogo, na kila akifika hapo alikuwa anaziba mdomo kwa khanga. Nilipofika ukurasa ule mara ya kwanza sauti ilikataa. Nikasema nitausoma kesho. Kesho yake nikaona haya kurudi nyuma, nikaenda kwenye sura ya kilimo. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Wewe unajua walinyongwa, nchi nzima inajua, nikaona hakuna ninachokunyima. Sikujua watoto wataulizwa."

Ningeelewa kama Mwalimu angekasirika. Darasa lilikuwa karibu kumtoka mikononi, na sababu ilikuwa imesimama mlangoni kwake.

"Na urefu?" akauliza.

"Urefu niliongeza."

"Na uzuri?"

"Nao niliongeza. Nilikuwa nawalipa Wangoni kwa zile kurasa nilizoziruka."

"Na heshima?"

"Heshima ni kweli!" akasema Mama Batilda kwa ukali, na Mwalimu akaanza kucheka, nami nikaona sasa ninaweza kupumua.

Jumatatu mwalimu mkuu aliketi dawati la nyuma. Mwalimu Osmund aliingia na hedifoni yake, akaifundisha sura nzima, kurasa zote, na watoto wakaandika mpaka vidole vikauma. Darasa la Saba likabaki kwake. Kabla ya kutoka aliwaambia kuna masahihisho madogo kuhusu Wangoni, na kwamba Wamatengo nao walifanya mambo kadhaa mbali na kuwepo. Hayo ya pili niliyadai mimi.

Ndiyo maana nawaambia vijana, siku ukimbadilishia mtu mfumo, usitazame kioo peke yake. Tazama nani alikuwa anaifanya kazi hiyo kabla ya mashine, na anakwenda kukaa wapi. Mimi hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimeleta flashi, diski na bisibisi za kila saizi, na sikuwa nimeleta chochote kwa ajili ya Mama Batilda. Kilichomfaa kilitoka kwa mume wake, na nilikiona kwa macho yangu Jumapili ile jioni, kabla ya hilo somo la Jumatatu.

Tulikuwa barazani sote watatu. Jua lilikuwa bado halijazama, Mama Batilda anachagua maharage. Mwalimu akaomba kompyuta, akaomba kitabu kiwekwe kwenye skana, akavaa hedifoni sikio moja. "Mama Batilda," akasema, "umenisomea miaka yote hii. Leo nakusomea mimi."

Ikawa anasikiliza sentensi moja sikioni, anaisimamisha mashine, kisha anaisema kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya taratibu. Msichana wa mjini hakusikika kabisa. Tulimsikia Mwalimu tu. Akasoma vita vilivyoanza, akasoma mapigano, akasoma kushindwa. Mama Batilda hakuinua uso kwenye ungo, lakini maharage aliyokuwa akiyachagua yalikuwa yaleyale. Mwalimu akasoma viongozi wakikamatwa. Akasikiliza sikioni kwa muda mrefu kidogo, kisha akasoma habari za njaa.

Mama Batilda akaweka ungo chini.

"Baba Batilda."

"Naam."

"Umeruka."

Mwalimu akatoa hedifoni sikioni. "Ndivyo nilivyofundishwa kusoma," akasema.

Mama Batilda alicheka mpaka akajishika ubavu, halafu kicheko kikageuka, akalia, na hakuziba mdomo. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akavuta kigoda chake hadi goti lake likagusa la mume wake.

"Rudi nyuma," akamwambia. "Uisome ile sehemu."

Akarudi nyuma, akaisoma.